Dirisha la Zamani Likifungwa: Teknolojia Mpya ni Haja au Tamaa?

Nyuma ya soko la Kilosa yupo kijana anayetengeneza simu. Mezani kwake kuna mswaki mkuukuu, kichupa cha spiriti, chuma cha kulehemu na trei ya plastiki iliyojaa simu zilizokata roho: vioo vilivyopasuka, betri zilizovimba, mifuniko isiyo na wenyewe. Asubuhi moja, mvua za masika zikiwa zimekaribia, nilikaa kwenye benchi lake nikingoja simu yangu ibadilishwe kioo. Akaja mama mmoja wa makamo, akafungua pindo la kanga, akatoa kiswaswadu kilichofungwa kwa mpira ili mfuniko usidondoke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haiwaki tangu juzi, na namba yangu ya mbolea imo humo."

Kijana akaitoa betri, akasugua vishikizo vyake kwa mswaki uliochovywa kwenye spiriti, akaipuliza, akaichaji kidogo. Wakati tunangoja, akajaribu biashara, kama ilivyo haki ya kila fundi. Akamwonyesha simu ya kupangusa, ya mtumba lakini safi, akamwambia angemfanyia bei nzuri. Mama akaitazama, akaishika, akairudisha. "Mwanangu, mimi nataka namba." Kile kiswaswadu kilipowaka, kijana akautafuta ujumbe, akamnakilia namba kwenye kipande cha kalenda iliyopita. Mama akaifunga karatasi pamoja na simu kwenye lile pindo, akalipa, akaondoka kuelekea duka la pembejeo.

Nimelifikiria tukio lile mara nyingi, hasa ninaposikia watu wakibishana kama kumiliki teknolojia ya kisasa kabisa ni hitaji au ni matakwa tu. Mabishano hayo huwa na pande mbili. Mmoja anasema ulimwengu umehamia kwenye simu, asiye na simu nzuri amebaki nyuma. Mwingine anasema wazee wetu waliishi bila hayo, hizi ni tamaa za vijana. Mama wa Kilosa hakuwa upande wowote. Alihitaji mbolea. Hakuitamani simu mpya. Lakini kati ya mbolea na shamba lake palikuwa na kitu cha tatu, nacho hatukitaji mara nyingi: shuruti. Mtu anaweza asikihitaji chombo, asikitake pia, na bado akalazimika kuwa nacho kwa sababu mlango wa kile anachokihitaji kweli umepitishwa humo.

Mpango wa mbolea ya ruzuku ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan huko Mbeya tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane. Bei ya mbolea ilikuwa imepanda duniani kote, na serikali ikaamua kubeba sehemu ya gharama. Ili ruzuku isiishie mikononi mwa wajanja, mkulima alitakiwa asajiliwe kijijini, apewe namba, na namba hiyo imfikie kwa ujumbe wa simu. Tuutendee haki: mpango huo haukumdai mkulima simu ya kupangusa. Ulidai laini hai na kifaa cha kuupokea ujumbe. Kwa hiyo swali la haja na tamaa, kwa mama yule, lilikuwa na jibu la shilingi chache za spiriti na mswaki. Mpango ungetaka aingie kwenye tovuti, ajaze fomu na apakie picha ya kitambulisho, jibu lingekuwa simu ya laki mbili, chaji ya kila siku na bando.

Kitu kimoja kuwa haja kwa mmoja na tamaa kwa mwingine si jambo jipya katika eneo hili. Kilosa imo katika nchi ya Usagara, na karne ya 19 misafara kutoka pwani ilipita humo kwenda Tabora na Ujiji ikibeba vitambaa vya merikani na shanga. Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, aliandika kwa kirefu habari za shanga: kila eneo lilikuwa na aina yake iliyopendwa, mapenzi hayo yalibadilika, na mfanyabiashara aliyefika na shanga zilizopitwa na wakati aliweza kukosa hata chakula cha wapagazi wake. Kwa msichana aliyezivaa shingoni, shanga za samisami zilikuwa pambo. Kwa mpagazi mwenye njaa, shanga hizohizo zilikuwa unga. Kitu kimoja, siku moja, kijiji kimoja, kilikuwa anasa kwa huyu na riziki kwa yule.

Huko Unguja nako, utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki, vazi jeusi la utumishi, wakajifunga kanga za rangi na maua. Mtu wa mbali angesema ni mitindo tu, kwani kaniki nayo inasitiri mwili. Lakini aliyekuwa ndani ya mwili ule alijua kwamba bila kanga angesalimiwa kama mtumwa. Mskochi Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alitoa hoja ya aina hiyo kuhusu shati la kitani: Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri bila kitani, ila katika Ulaya ya wakati wake kibarua angeona haya kutoka mbele za watu bila shati hilo, na kwa hiyo lilikuwa limeingia katika mahitaji. Haja, kwa maana hiyo, haipimwi kwa tumbo peke yake. Hupimwa pia kwa macho ya watu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaowacheka vijana wa stendi ya Mikumi kwa kupenda simu kubwa. Mikumi ni mji wa barabara kuu. Mabasi ya Mbeya, Iringa na Songea husimama hapo usiku na mchana, na kijana anayeuza maji, korosho au chipsi mayai kwenye madirisha ya mabasi anaishi kati ya wasafiri. Leo michango ya harusi inapangwa kwenye kundi la WhatsApp. Taarifa ya msiba inafika humo kabla ya mtu kugonga hodi. Wazazi wa darasa la saba wana kundi lao na mwalimu. Asiye na simu ya kupangusa hafi njaa, ila anasikia habari za ukoo wake kwa kuambiwa na wengine, na mchango wake unachelewa kana kwamba hajali. Hilo ni shati la kitani la siku zetu.

Lakini hapo ndipo ninapotaka tutenganishe kuwa na simu ya kupangusa na kuwa na ya kisasa kabisa. Kundi la harusi linafunguka kwenye simu ya miaka minne iliyopita sawasawa na kwenye toleo la mwezi uliopita. Kamera tatu mgongoni hazimwongezei mtu ukoo. Kinachoifanya simu ya zamani ikose kazi, mara nyingi, si uchakavu wake. Ni uamuzi uliofanyika mbali: Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zinazotumia Android 4.4. Simu zenyewe zilikuwa zinawaka, zinaita, zinapiga picha. Aliyekuwa nayo Mikumi aliamka akiwa nje ya kundi la ukoo wake bila yeye kubadilisha chochote.

Wadogo zetu wanaoingia kwenye ununuzi wa lipa mdogo mdogo ndio wanaoniumiza zaidi. Mdogo wangu mmoja anaendesha bodaboda Mikumi. Alichukua simu kwa mtindo huo, akaweka kianzio, kisha akawa analipa shilingi 1,500 kila siku. Piga hesabu mwenyewe: siku 365 ni shilingi 547,500, mbali na kianzio, kwa simu ambayo dukani ingemtoka kwa fedha ndogo kuliko hiyo kama angekuwa nayo yote mkononi. Pikipiki ilipoharibika wiki nzima, malipo yakakatika na simu ikajifunga yenyewe. Wateja wake wa kudumu walikuwa wakimpigia kwa namba ile. Ikabidi aazime kiswaswadu cha mama yetu, achomeke laini humo, ndipo kazi ikarudi. Sisemi mikopo hiyo ni haramu. Wapo ambao imewatoa. Ila chombo kinachouzwa kwa jina la kuwa nyenzo ya kazi hakikupaswa kufungwa siku ileile ambayo kazi imesimama.

Na serikali je, inaionaje simu ya kupangusa? Mwenendo wa kodi unaonyesha kwamba nayo ilisita. Bajeti ya mwaka 2021/22 ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani, ile asilimia 18, kwa simu janja, vishikwambi na modemu, kwa hoja kwamba Watanzania wengi zaidi waingie kwenye intaneti. Mwaka mmoja baadaye msamaha huo ukaondolewa. Katika miezi 12 kifaa kilekile kilihesabiwa kuwa cha kusaidiwa, kisha kikarudishwa kwenye foleni ya bidhaa za kawaida. Mwezi Julai 2021, msamaha huo ukiwa ndiyo kwanza umeanza, ilianza pia tozo ya miamala ya simu, iliyowakera watu hadi ikapunguzwa Septemba mwaka huohuo, kisha ikapunguzwa tena.

Kuna wakati nchi hii ililijibu swali hili kwa ukali zaidi. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Mwalimu Nyerere na serikali yake waliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mjini katika nchi ambayo vijiji havina maji. Redio, kinyume chake, ilihesabiwa kuwa hitaji. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kujadili malaria, kuhara na usafi, kisha kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio moja ilitosha kikundi kizima. Nadhani kuizuia televisheni kwa miaka yote ile kulikuwa kosa, kwa sababu kuliwanyima watu picha za dunia na za nchi yao wenyewe. Lakini namna ile ya kupanga, kuanza na kazi inayotakiwa kufanyika ndipo kitafutwe chombo, tumeiacha mapema mno.

Mfano wake wa leo upo kwenye mahindi. Kiwavijeshi vamizi aliingia Tanzania mwaka 2017, na wilaya ya Kilosa, yenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga kinachoshughulika na mazao kama mahindi, inalijua vizuri tishio hilo. Ipo programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa chuo kikuu cha Penn State kwa kushirikiana na watafiti wa kilimo barani Afrika. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakuambia kama uharibifu ni wa kiwavi huyo, na kwenye muhogo inatambua magonjwa ya majani. Ikishapakuliwa inafanya kazi bila intaneti. Huu ni ufundi mpya kabisa na una faida ya kweli shambani. Je, kila mkulima wa Rudewa au Kimamba anunue simu ya kuiendesha? Hapana. Simu moja ya afisa ugani, au ya mkulima kiongozi, inaweza kupita mashamba 30 kwa wiki. Afisa huyo akikosa usafiri, simu 30 mpya haziwezi kumfikisha.

Pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, hali ni hiyohiyo. Tembo wakiingia shambani usiku, watu hupiga madebe, huwasha moto, hutega kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, na hupiga simu kwa askari wa wanyamapori. Simu hiyo kiswaswadu kinaiweza. Kilichobaki ni gari, mafuta, askari na umbali. Ukimpa mkulima huyo simu bora kuliko zote sokoni, atapata video nzuri ya tembo akimaliza mpunga wake.

Umeme nao unaingia katika hesabu hii kuliko tunavyokiri. Bwawa la Kidatu, jirani tu na Mikumi, limezalisha umeme tangu miaka ya 1970; mitambo yake ina uwezo wa megawati 204, na nyaya zilipanda kwenda Morogoro na Dar es Salaam wakati vijiji vingi vya karibu vikiwa gizani. Umeme vijijini umesogea sana katika miaka ya hivi karibuni, lakini kaya isiyo na waya, au yenye waya na isiyo na fedha ya luku, bado hupeleka simu dukani kuchajisha. Kiswaswadu kinakaa siku nne, tano. Simu ya kupangusa inalia njaa jioni ileile. Kwa kaya hiyo, bei ya simu mpya ni ile ya dukani, na nyingine ndogo inayolipwa kila siku maisha yote ya simu.

Pamoja na hayo yote, siwezi kukubaliana na anayesema teknolojia mpya ni ya wenye nazo. Mahali ilipopangwa vizuri, imeokoa watu. Chukua mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kusambazwa mikoani. Mjamzito akipata dharura kijijini, yeye au mhudumu wa zahanati hupiga 115 bila malipo. Anayepokea simu ana kompyuta na programu inayomwongoza kupima hali, kuchagua kituo cha kupokea, na kutafuta gari: la wagonjwa likiwapo, au la dereva wa jirani aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya safari. Mitambo yote ya kisasa ipo kwa mpokeaji. Mkononi mwa mama, simu ya bei ya chini kuliko zote inatosha. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 ilifuata njia hiyohiyo: ugumu wote ulikaa kwenye mitambo ya kampuni, na mteja akabonyeza namba fupi kwenye simu aliyokuwa nayo tayari. Nadhani huko ndiko siri ya kuenea kwake, kuliko matangazo yote.

Linganisha na kijana wa kidato cha sita kutoka Ulaya, kijiji cha Kilosa chenye jina linalowashangaza wageni. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanafanyika mtandaoni. Maombi ya kazi serikalini yanapitia tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Kwa kiswaswadu, kijana huyu hana pa kuingilia. Anapanda bodaboda hadi mjini, anaingia stesheneri, analipa kwa ukurasa, na mhudumu wa stesheneri anamfungulia akaunti, pengine kwa barua pepe ambayo kijana hataikumbuka na nywila aliyoandikiwa nyuma ya risiti. Karatasi ikipotea, akaunti imepotea. Nimewaona wakirudi na macho mekundu. Kwa kijana huyu simu ya kupangusa imekuwa hitaji kamili, na hakuna mzee anayestahili kumwambia kwamba ni tamaa. Lakini hitaji hilo halikuzaliwa naye. Limetengenezwa na waliopanga mlango uwe mmoja.

Na milango ikishawekwa, huwa inafungwa kwa tarehe. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchini. Kabla ya hapo watu walihimizwa kubonyeza *#06#, wachukue zile tarakimu 15, wazitume kwenda 15090 wajue kama simu ni halali. Ilikuwa na sababu zake, za usalama na za kumlinda mnunuzi. Hata hivyo aliyeuziwa simu bandia kwenye mnada hakuwa ameidanganya nchi; alidanganywa yeye. Asubuhi ilibidi anunue nyingine. Tarehe 20 Januari 2020 ikawa mwisho wa laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, na foleni za kitambulisho cha taifa zikawa ndefu nchi nzima.

Sisemi haya kwa kuchukia kila kipya; ninaikubali treni ya umeme. Tangu mwaka 2024 inapita Kilosa, kwenye bonde lilelile ambako mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi na kuibomoa reli ya zamani. Treni hiyo ni teknolojia mpya, ghali kupindukia, na muuza nyanya hahitaji kuimiliki ili imfae; anahitaji dirisha la tiketi ambalo mtu bado anakaa nyuma yake, anapokea fedha na kutoa chenji.

Kwa hiyo nikiulizwa, jibu langu linaanza na swali jingine: nani amefunga dirisha la pili? Kama kila huduma ya lazima ingekuwa na njia ya namba fupi, ya mtu wa kaunta na ya karatasi, simu mpya ingerudi mahali pake, kitu cha kupendwa na anayeweza, bila aibu kwa yeyote. Tunaelekea kwingine. Afrika Kusini imeshapanga kuzima mitandao ya 2G na 3G, na nchi nyingine zimeshafanya hivyo, kwa kuwa masafa hayo yanatakiwa kwa mitandao mipya. Zamu ya Tanzania ikifika, viswaswadu vingi vitanyamaza usiku mmoja, vikiwa vizima. Namba za mbolea, za zahanati, za watoto walioko Dar es Salaam zitakuwa zimo humo ndani. Fundi wa Kilosa atakuwa na trei mbili, na mswaki na spiriti havitasaidia kitu.